Picha ya ubongo wako inasema 'uko sawa'. Je, nambari zinasemaje?

Chukulia umeanguka na bodaboda pale Outering. Helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani, kama kawaida yetu. Umezimia kidogo, ukaamka, ukakimbizwa hospitali. Familia imefungua grupu ya WhatsApp, watu wamechanga, pesa za MRI zimepatikana. Unalala ndani ya lile bomba, mashine inagonga kama mafundi wa jua kali, na baada ya nusu saa hivi unatoka na bahasha kubwa. Daktari anainua picha kwenye mwanga, anaikagua, anakwambia: "Hapa sioni shida."

Unarudi home na furaha. Lakini mwezi wa tatu huu, bado unasahau PIN ya M-Pesa, kelele za matatu zinakupasua kichwa, na kila ukilalamika unaambiwa ujikaze kwa sababu picha ilikuwa sawa.

Swali langu kwako ni moja tu. Ile picha ilipima nini?

Ukweli ni kwamba mara nyingi haipimi. Inaonyesha. Na kati ya kuonyesha na kupima kuna pengo ambalo wanasayansi wamekuwa wakilishughulikia kwa zaidi ya miaka 50. Ni vizuri ulijue, kwa sababu siku moja linaweza kukuhusu wewe, mamako, au yule rafiki yako anayeanguka kifafa.

Maziwa ni meupe tu

Nenda dukani mtaani ununue maziwa ya kupimiwa. Kwa macho ni meupe. Mtu akiyaongeza maji vikombe viwili, bado ni meupe. Ukitaka kujua ukweli, unafanya wanavyofanya kwenye vituo vya kukusanya maziwa kule Kiambu na Nyandarua: unatumbukiza laktomita. Kile kijiti cha kioo kinaelea, unasoma nambari, na mwenye kuongeza maji anarudishiwa mkebe wake. Hakuna kubishana.

Picha ya kawaida ya MRI ni kuangalia maziwa kwa macho. Ule weupe, weusi na kijivu unaouona hauna kipimo. Kompyuta inaupanga ili macho ya daktari yaone tofauti kati ya sehemu moja na jirani yake, vile simu yako inavyojipangia mwanga ukipiga selfie. Sehemu ile ile ya ubongo ikipigwa kwenye mashine ya hospitali nyingine inaweza kutoka na mwangaza tofauti kabisa, na ubongo wenyewe haujabadilika hata chembe.

Daktari mzuri anajua hili. Ndiyo maana hutafuta kitu kinachotofautiana na majirani zake: uvimbe, damu iliyovuja, kovu. Kazi hiyo picha inaifanya vizuri sana, na imeokoa maisha ya wengi. Shida inakuja pale mabadiliko yanapokuwa madogo na yameenea kila mahali. Hapo ni kama mtungi mzima umeongezwa maji kidogo. Utalinganisha na nini?

Laktomita ya ubongo ipo. Tuiite MRI ya vipimo. Badala ya kukupa rangi, inakupa nambari kwa kila kisehemu cha ubongo, na nambari hiyo inaweza kulinganishwa na yako ya mwaka jana au ya mtu mwingine.

Maji yako yanachezewa redio

Kuelewa hii mashine hakuhitaji digrii. Mwili wako umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina haidrojeni mbili. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, na protoni hiyo ina tabia ya kisumaku kidogo. Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, mara 30,000 hivi ya ile ya dunia inayozungusha sindano ya dira. Ukiingia ndani, sehemu ya visumaku vyako hujipanga kufuata ile sumaku kubwa.

Kisha mashine inavirushia mawimbi ya redio. Ile ya tesla 1.5 hutumia megahezi 64 hivi, ya tesla 3 hutumia 128 hivi. Stesheni zako zote za FM, kuanzia 88 hadi 108, ziko hapo katikati. Yaani ukiwa umelala ndani ya MRI, maji ya kichwa chako yanachezewa redio, nayo yanajibu.

Mawimbi yakikatwa, visumaku hurudi vilivyokuwa, na siri yote iko hapo. Kasi ya kurudi hutegemea mahali maji yalipo. Maji huru, kama yale yanayozunguka ubongo, huchukua muda mrefu, kama sekunde nne. Maji yaliyobanwa karibu na mafuta na protini hurudi haraka. Muda huo unaitwa T1. Kwenye mashine ya tesla 3, sehemu nyeupe ya ubongo ina T1 ya milisekunde 800 hadi 900 hivi, na sehemu ya kijivu hufika 1,300 na zaidi.

Kuna muda wa pili, T2. Huu unaonyesha jinsi visumaku vinavyopoteza mdundo wa pamoja, kama kwaya iliyoanza vizuri kisha kila mtu akashika njia yake. Kwenye tishu ya ubongo T2 ni fupi, kati ya milisekunde 70 na 100 hivi.

Picha ya kawaida huchanganya T1, T2 na kiasi cha maji, ikavipika pamoja, ikakupakulia rangi. MRI ya vipimo hupiga picha mara kadhaa ikibadilisha mipangilio, halafu inapiga hesabu ya kurudi nyuma. Katika kila kijisanduku cha milimita moja hivi, inauliza: T1 ni ngapi, T2 ni ngapi, maji ni asilimia ngapi?

Maji, mafuta na chuma

Ukishapata nambari hizo, unaanza kujua ubongo umeumbwa na nini bila kupasua kichwa cha mtu.

Sehemu ya kijivu, ambako miili ya seli za neva inakaa, ni maji kwa asilimia 80 hivi. Sehemu nyeupe, ambako nyaya zinapita, ni asilimia 70 hivi. Tofauti hiyo inatokana hasa na maielini, ganda lenye mafuta mengi linalozungushiwa waya wa neva tabaka juu ya tabaka, kama ile plastiki ya waya wa stima. Waya ukivuliwa ganda, ujumbe unachelewa au unapotea njiani.

Mwaka 1994, Alex MacKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walionyesha kwamba maji yaliyonaswa katikati ya tabaka za maielini yanaweza kutambuliwa kivyake. T2 yake ni fupi sana, chini ya milisekunde 40 hivi. Ukiyahesabu maji hayo, umepata njia ya kukadiria ganda lililopo.

Halafu kuna chuma. Ndiyo, chuma chenyewe. Hujikusanya katika vituo vya ndani kabisa vya ubongo, vile vinavyosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na huongezeka haraka katika miaka ya ujana. Watafiti Hallgren na Sourander walipima hayo kwenye ubongo wa maiti mwaka 1958. Leo kinakadiriwa kwa mtu aliye hai, kwa sababu chuma huvuruga sumaku iliyo karibu nacho. Wagonjwa wa Parkinson kwa kawaida huwa na chuma zaidi katika kituo kimoja kidogo cha shina la ubongo, na watafiti wanakifuatilia kwa nambari.

Stori ilianza na nambari

Cha kuchekesha ni kwamba MRI yenyewe ilizaliwa kama kipimo. Mwaka 1971, daktari Mmarekani Raymond Damadian alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa uvimbe wa saratani kwenye panya una T1 na T2 ndefu kuliko tishu nzuri. Hakukuwa na picha, zilikuwa nambari tu. Mwaka 1973, Paul Lauterbur akatoa picha ya kwanza, ya vijibomba viwili vya maji. Mwaka 1977, Damadian na wanafunzi wake wakapiga picha ya kifua cha mtu mzima, kazi iliyochukua karibu saa tano.

Tuzo ya Nobel ya 2003 ilienda kwa Lauterbur na Mwingereza Peter Mansfield. Damadian alikasirika, manze, hadi akalipia kurasa nzima za matangazo kwenye magazeti kulalamika. Lakini mambo yalikuwa yameshaamuliwa zamani. Picha ilishinda kwa sababu ni ya haraka na daktari anaisoma kwa macho. Nambari zikabaki maabara.

Wewe wa miaka 22, na nyanya yako

Zilipoanza kurudi, zilileta mambo. Mwaka 2014, Jason Yeatman, Brian Wandell na Aviv Mezer walichapisha utafiti wa watu 102 wa umri wa miaka 7 hadi 85. Walipima sehemu nyeupe ya ubongo kwa kutumia T1. Matokeo yalichora kilima: nambari hupanda utotoni na ujanani, hufika kilele kati ya miaka 30 na 50, kisha huteremka. Mtu anapokaribia miaka 80, nambari yake imerudi karibu na ya mtoto wa miaka minane.

Hiyo haimaanishi nyanya yako anafikiri kama mtoto. Inamaanisha kilichojengwa polepole hupungua polepole. Na wewe wa miaka 22 bado uko kwenye mpando. Nyaya za sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupanga mambo na kujizuia, ni kati ya zinazochelewa zaidi kukamilika. Pombe ya kila wikendi, ngumi za kichwa, usingizi wa saa tatu: yote hayo yanaangukia mjengo ambao bado unaendelea.

Kuna pia ugonjwa uitwao multiple sclerosis, ambapo kinga ya mwili hushambulia maielini. Picha ya kawaida huonyesha makovu yake vizuri. Lakini ukipima sehemu zinazoonekana nzuri kabisa kwa macho, unakuta nambari zimeanza kuyumba. Maziwa ni meupe, laktomita inakataa.

Kifafa nacho. Mwaka 1993, watafiti wa London walichapisha vipimo vya T2 vya kile kisehemu cha kumbukumbu ambacho wataalamu hukiita hipokampasi, kwa wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Nambari zilinasa madhara ambayo jicho lingeweza kuyapita, na hilo husaidia kujua upande gani wa ubongo ndio chanzo kabla upasuaji kufikiriwa. Kwetu hapa, ambako bado kuna watu wanaosema mtu wa kifafa ana mashetani, hebu fikiria uzito wa karatasi inayosema: chanzo kiko hapa, upande wa kushoto, na nambari yake ni hii.

Na wewe uliyeanguka na bodaboda?

Hapa nitakwambia ukweli bila kuupamba. Watafiti wa British Columbia waliwapima wachezaji wa hoki ya barafu wa chuo kikuu kabla ya msimu kuanza. Walioumia kichwa msimuni walipimwa tena. Wiki mbili baada ya kugongwa, kipimo cha maielini kilikuwa kimeshuka kwa wastani. Baada ya miezi miwili kilikuwa kimerudi. Kwa hivyo dalili zako si za kujitungia. Kuna kitu kinaweza kutokea ndani ya tishu bila picha ya kawaida kukiona.

Lakini angalia walivyofanya. Waliwalinganisha na nambari zao wenyewe za kabla ya ajali, tena wakiwa kundi. Ukija wewe peke yako, bila kipimo cha zamani, hakuna daktari anayeweza kukuchapishia jibu la uhakika kwa nambari hizi leo. Dalili zako bado ndizo ushahidi mkuu. Zikizidi miezi, rudi kwa daktari uzieleze moja baada ya nyingine, na usikubali neno "picha iko sawa" limalize mazungumzo.

Mbona haiko hospitalini?

Kwanza, muda. Kupima kwa njia ya zamani kulimaanisha kulala ndani ya bomba muda mrefu, na foleni iko nje. Hilo linatatuliwa. Mwaka 2008, watafiti wa Linköping, Sweden, walieleza njia ya kupata T1, T2 na kiasi cha maji kwa pamoja katika dakika chache tu. Mwaka 2013, kikosi cha Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kule Cleveland, Marekani, kilikuja na mbinu ya alama za vidole: mashine inabadilisha mipangilio ovyoovyo kwa makusudi, kila aina ya tishu inajibu kwa mtindo wake, na kompyuta inatafuta mtindo huo kwenye kamusi iliyoandaliwa, vile polisi wanavyotafuta mwenye alama za vidole.

Pili, mashine hazikubaliani. Unajua maafisa wa vipimo wanavyokagua mizani sokoni kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana? Hata MRI inahitaji jiwe lake. NIST, taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango, ilishirikiana na wataalamu wa MRI kutengeneza mpira wa plastiki wenye vichupa ambavyo T1 na T2 zake zinajulikana. Unaupiga picha kwanza. Nambari zikitoka tofauti, unajua mizani yako inadanganya.

Tatu, nambari moja ina wazazi wengi. T1 ikibadilika, huenda maji yameongezeka, au maielini imepungua, au chuma kimesogea. Ndiyo maana inabidi kupima vitu kadhaa kwa pamoja kabla ya kutoa kauli.

Sawa ya nani?

Sasa tufike mahali panapouma. Nambari bila jedwali la kulinganisha ni nambari tu. Laktomita ina maana kwa sababu tunajua maziwa mazuri husoma ngapi. Je, ubongo mzuri husoma ngapi? Ubongo wa nani?

Mradi mkubwa wa UK Biobank kule Uingereza umepiga picha za miili ya watu 100,000, ubongo ukiwemo, na idadi kubwa mno kati yao ni Wazungu, wengi wa umri wa makamo na wazee. Sisi tuko wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu mashine za MRI Afrika Magharibi ukapata 84, kwa watu zaidi ya milioni 370. Japani ina zaidi ya 50 kwa kila watu milioni moja. Huwezi kuingia kwenye jedwali kama hujawahi kuingia kwenye mashine.

Hili lina maana, hata bila kudai kuwa ubongo wa Mwafrika ni tofauti. Maisha ndiyo tofauti. Malaria kali utotoni, upungufu wa damu wakati wa ujauzito, lishe. Karibu na Cape Town, watafiti walifuatilia watoto ambao mama zao walikuwa na upungufu wa damu wakiwa wajawazito. Walipofika umri wa miaka miwili hadi mitatu, baadhi ya vituo vya ndani vya ubongo wao vilikuwa vidogo kwa wastani. Huo ulikuwa ukubwa tu. Ndani yake kuna nini, chuma kiasi gani, maielini kiasi gani, ni maswali ya MRI ya vipimo.

Habari njema ni kwamba mlango unafunguka upande wetu. Kuna mashine ndogo ya tesla 0.064 inayosukumwa kwa magurudumu hadi kando ya kitanda na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Imetumika kuchunguza ukuaji wa ubongo wa watoto Blantyre, Malawi, na Cape Town. Na jirani hapa Uganda, mwaka 2022, Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha MRI ya nguvu ndogo pale pale Mbarara, kipande kwa kipande, wakilenga watoto wanaojaa maji kichwani. Picha zake zina chembechembe kama video ya simu ya zamani. Lakini mashine inajulikana na waliyoiunda, na ikiharibika kuna wa kuifungua.

Ila kumbuka jambo moja la kiufundi. T1 hubadilika kulingana na nguvu ya sumaku. Kwenye mashine hizi ndogo hufupika sana, kwa hivyo jedwali la tesla 3 kutoka ng'ambo halitumiki hapa. Jedwali la mashine za nguvu ndogo linaandikwa sasa hivi. Ni nafasi ya Afrika kuwa kwenye ukurasa wa kwanza badala ya kwenye nyongeza.

Kabla hujatoa doo

Msee akikuuzia skani ya kukuonyesha IQ yako, kama unafaa kuoa, au kama bangi imekuharibu kwa asilimia ngapi, mkimbie. Hakuna nambari ya T1 inayosema hivyo.

Ukipigwa MRI kwa sababu ya kweli, usitosheke na filamu na ripoti pekee. Omba faili zenyewe kwenye CD au flashi, uzihifadhi. Ukirudiwa, jaribu kurudi kwenye mashine ile ile, ili kulinganisha kuwe na maana. Sema mapema kama una chuma chochote mwilini, na ukiwa ndani usitikisike.

Na siku utakayoambiwa picha yako iko sawa, shukuru, kwa sababu kuna mabaya mengi ambayo daktari ameyatafuta na hakuyaona. Kisha uliza kwa heshima: daktari, sawa ukilinganisha na nini?